NENO "KUSINI": MAANA YAKE, ASILI YAKE NA MATUMIZI YAKE

Katika hati ya kununua shamba mara nyingi huwa kuna mistari minne ambayo watu huisoma upesi na kuipita. Mstari wa kwanza wataja ni nani apakanaye na shamba hilo upande wa kaskazini, wa pili upande wa kusini, wa tatu mashariki, na wa nne magharibi. Siku ya kuandikiana watu hutazama zaidi bei na sahihi za mashahidi. Lakini miaka ikipita, bei imekwisha kusahauliwa na mashahidi wengine wamekwisha kufariki, mistari ile minne ndiyo isomwayo barazani kwa sauti kubwa, mara mbili na mara tatu. Kwa hiyo nimeona yafaa kuwaeleza wasomaji habari za maneno hayo, na hasa neno moja, yaani "kusini", kwa sababu ndilo neno tuitwalo kwalo sisi wenyeji wa Mbeya na Iringa, nalo hukosewa mara nyingi kuliko tudhanivyo.

Zamani za utawala wa Waingereza nchi yetu ilikuwa katika jimbo lililoitwa Nyanda za Juu za Kusini. Majimbo yalikoma baada ya uhuru na mikoa ikawekwa mahali pake. Tena Mkoa wa Njombe ukatengwa na Iringa mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ukatengwa na Mbeya mwaka 2016. Lakini jina la Nyanda za Juu Kusini limedumu midomoni mwa watu na katika barua za ofisi. Basi si vizuri mtu kuitwa jina asilolijua maana yake.

Mwulize mtoto wa darasa la nne, "Kusini ni wapi?" Mara nyingi ataelekeza kidole chini, maana katika ramani iliyotundikwa ukutani kaskazini iko juu na kusini iko chini. Mtoto huyo ameijua ramani, bali nchi hajaijua bado. Nasi watu wazima tusimcheke, kwa kuwa kosa hilo hilo tunalo, ila letu limetoka katika mito na miteremko tuliyozaliwa nayo.

Mito ya Rungwe, kama Kiwira na Mbaka, hushuka kwenda kusini mpaka Ziwa Nyasa. Mtu wa Tukuyu aendapo Kyela huteremka, naye kweli anakwenda kusini. Kwake yeye chini na kusini ni jambo moja, na ramani ya mwalimu yazidi kumthibitishia. Lakini Ruaha Mdogo, upitao karibu na mji wa Iringa, watoka Mufindi na kwenda kaskazini kuungana na Ruaha Mkuu. Mtu wa Iringa afuataye maji ya mto huo ameipa kusini kisogo. Tena katika nchi yetu iko mito miwili yenye jina moja la Songwe: mmoja waenda kusini-mashariki kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, nao ndio mpaka wetu na Malawi, wa pili waenda kaskazini-magharibi hata Ziwa Rukwa. Mtu akikuambia kwamba ndugu yake amehamia "chini ya Songwe", na asiseme Songwe upi wala upande gani, hujaambiwa neno.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa la namna hii, nalo lilikuwa karibu kuwatia watu katika ugomvi mkubwa, kwa hiyo nitalieleza bila kujificha. Nilipokuwa karani kijana, umri wangu haujafika miaka ishirini na mitano, niliitwa katika kijiji kimoja cha upande wa Iringa kuandika hati ya mauziano. Mnunuzi alikuwa mzee aliyetoka Rungwe, mtu mpole na mwenye heshima. Mwenye shamba alikuwa mzee wa pale pale. Mvua ilikuwa ikinyesha, nasi tukaandika ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Nilipofika katika mistari ile minne nikauliza, "Baba, upande wa kusini shamba lapakana na nini?" Yule mzee wa Rungwe akajibu kwa haraka, "Kusini ni mto, mwanangu. Chini kule, tulikovuka." Nikamtazama mwenye shamba, naye akatikisa kichwa kukubali, maana aliusikia mto akaujua, na maneno mengine aliyaona kuwa ni mambo ya makarani. Nikaandika: Kusini, mto. Kaskazini nikaandika jina la jirani aliyelima upande wa juu. Kumbe mto ule ulikuwa kaskazini, na jirani yule ndiye aliyekuwa kusini.

Kwa muda wa miaka kumi hapakuwa na shida, kwa sababu wote waliokuwapo waliujua mpaka kwa macho. Kisha yule mzee wa Rungwe akafariki, na watoto wake wakaja kugawana urithi. Walikuwa vijana waliosoma, na mmoja wao alikuwa na dira katika simu yake. Wakaisoma hati, wakasimama shambani, wakaelekea kusini kama dira ilivyowaonyesha, wasione mto. Walichoona ni shamba la jirani, na nyuma ya shamba hilo, ng'ambo ya kilima kidogo, kijito kingine. Wakasema, "Hati ya baba yasema mpaka wetu wa kusini ni mto, na mto ndio ule. Basi shamba hili lililo katikati ni letu, na huyu bwana amelima juu ya ardhi yetu." Hawakusema uongo, maana hati ilisema hivyo. Yule jirani alikuwa na mahindi yaliyokaribia kukomaa na makaburi mawili ya wazazi wake katika shamba lile. Mambo yakapelekwa mbele ya wazee wa baraza la ardhi la kijiji, nami nikaitwa.

Nitaeleza baadaye jinsi ilivyokwisha. Kwanza yafaa tulijue neno lenyewe, kwa kuwa mtu akijua neno limetoka wapi hatalichanganya na mteremko wa mto wo wote.

"Kusini" ni neno la watu wa bahari. Ukilipasua utapata sehemu mbili: kusi, na ile -ni ya mahali, ambayo ni ile ile iliyo katika maneno nyumbani, shambani na mtoni. Basi kusini maana yake ni "kwenye kusi", yaani upande utokako kusi. Na kusi si mahali, bali ni upepo. Katika pwani yetu mna pepo mbili kubwa zinazopokezana mwaka mzima. Ya kwanza ni kaskazi, ivumayo kutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba hivi hata Machi, nayo ni pepo ya joto. Ya pili ni kusi, ivumayo kutoka kusini na kusini-mashariki tangu Aprili hivi hata Oktoba, nayo ni pepo ya baridi na ya nguvu, hasa Juni na Julai. Katikati ya pepo hizo mbili huwa na siku ambazo upepo haujulikani, na mabaharia waliziita siku za tanga mbili. Kwa kaskazi majahazi yalikuja kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, yakapakua tende, nguo na vyungu. Kwa kusi yakarudi kwao yamepakia pembe, nafaka na boriti za mikoko. Biashara yote ya pwani kwa karne nyingi ilifuata pumzi hizo mbili. Hata neno "msimu" tunalolitumia kwa wakati wa kulima ni la mabaharia hao: latokana na Kiarabu, na neno la Kiingereza la pepo hizo, "monsoon", latokana na neno lilo hilo.

Wataalamu wa lugha husema kwamba jina kusi lenyewe linafanana na kaws, jina ambalo mabaharia wa Kiarabu walilitumia kwa upepo uliowarudisha kwao kutoka pande zetu. Basi mtu wa Mafia au Kilwa asemapo kusini, katika neno lake mna mlingoti na tanga. Wazee wetu wa Uhehe na Usafwa hawakuwa na jahazi, lakini neno lilipanda bara pamoja na misafara, kisha na shule, nasi tukalipokea likiwa tupu, kama mtu apokeaye kibuyu asijue kilikuwa na nini.

Hapo zamani watu wa pwani walikuwa na maneno mengine pia. Kusini waliiita suheli, kwa jina la nyota. Suheli ni nyota ya pili kwa mwangaza katika nyota zote za usiku, ikipitwa na moja tu, na Wazungu huiita Canopus. Huko Muscat haipandi sana, huonekana karibu na ukingo wa mbingu upande wa kusini, na London haionekani kabisa. Kwetu sisi hupanda vizuri: toka nje mwezi wa Februari, yapata saa tatu au saa nne ya usiku, mbingu ikiwa safi, nawe utaiona upande wa kusini karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi. Na kaskazini baadhi yao waliiita kibla, kwa sababu kutoka pwani yetu Makka iko upande wa kaskazini. Neno hilo latufundisha jambo kubwa: kibla ya mtu wa Lamu ni kaskazini, na kibla ya mtu wa Oman ni magharibi. Kwa hiyo neno kama hilo laweza kuwa dira kwa watu wa mji mmoja, na kuwapoteza watu wa mji wa pili. Nadhani ndiyo sababu kaskazini na kusini yakashinda, ingawa pepo nazo zina mipaka yake.

Mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu, nayo asili yake ni jua: mashariki ni mahali pa kuchomoza, na magharibi ni mahali pa kuchwea. Basi katika Kiswahili pande nne za dunia zimetokana na vitu viwili, jua na upepo. Waingereza hawakufanya hivyo. Neno lao la kusini ni "south", na wataalamu wengi huamini kwamba lina undugu na neno lao la jua, kana kwamba kusini ni "upande wa jua". Kwao ni kweli. Katika Uingereza jua la adhuhuri liko kusini siku zote za mwaka, na nyumba yenye madirisha ya kusini hupata joto. Warumi nao walikuwa na neno moja tu, meridies, kwa mchana na kwa kusini.

Hapa walimu na wasikilize kwa makini, kwa maana kuna kosa linaloingia shuleni kwa njia ya vitabu. Kitabu kilichotungwa Ulaya kikisema, "Wakati wa adhuhuri jua liko kusini," mwalimu wa Mbeya akikinakili ubaoni, amewafundisha watoto uongo kwa muda wa miezi minane katika mwaka. Mbeya iko karibu nyuzi tisa kusini ya ikweta, na Iringa karibu nyuzi nane. Kwa hiyo tangu mwisho wa Februari hata katikati ya Oktoba jua letu la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Kuanzia katikati ya Oktoba hata mwisho wa Februari ndipo huwa upande wa kusini. Simika fimbo ya urefu wa meta moja pale Mbeya mwezi wa Juni, ulipime vuli lake adhuhuri: litakuwa na sentimeta kama 63, nalo litaangukia kusini. Rudia mwezi wa Desemba: litakuwa na sentimeta kama 26, nalo litaangukia kaskazini. Na siku za kugeuka, yaani katikati ya Oktoba na mwisho wa Februari, fimbo haina vuli kabisa adhuhuri, na watoto hufurahi sana kuona hivyo.

Twaweza sasa kuuliza: ikiwa kusini ni upande utokako kusi, je, kusi yenyewe yafika kwetu? Yafika, ila tumeipa majina mengine. Miezi ya Juni, Julai na Agosti upepo huo wa kusini-mashariki hupanda bara, huvuka Ziwa Nyasa na kuigonga milima ya Livingstone na Mlima Rungwe. Hapo haina njia ila kupanda juu, na hewa ipandayo hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na manyunyu. Ndiyo sababu sehemu nyingi za Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na huku Usangu, iliyo nyuma ya milima, hukauka mpaka ardhi ikapasuka. Ndiyo sababu pia Mufindi na Njombe hufunikwa na ukungu miezi ile, na mabondeni asubuhi huonekana jalidi, yaani umande ulioganda, iunguzayo majani ya viazi. Mama anayemfunika mtoto blanketi la pili usiku wa Julai huko Makete, anajikinga na upepo ule ule uliokuwa ukirudisha majahazi Oman. Ng'ambo ya ziwa, watu wa Malawi huita upepo wa kusini ulichafualo ziwa mwera, na katika Kinyanja kusini ni kumwera. Wao nao wamelipata neno lao katika upepo, kama watu wa pwani, bila ya kuambiana.

Lakini kusini haina mwisho wala mwanzo, nalo ni jambo ambalo wasomaji wengi hulisahau. Ni neno la kulinganisha. Mbeya iko kusini ukiwa Dodoma, na iko kaskazini ukiwa Songea. Tazama pia mji wa Dar es Salaam, ambako jina la Nyanda za Juu Kusini hutamkwa sana. Ukipima katika ramani utaona kwamba Mbeya iko kusini ya Dar es Salaam kwa kilometa kama 230 tu, bali iko magharibi yake kwa kilometa kama 640. Iringa iko kusini kwa kilometa kama 110, na magharibi kwa kilometa kama 400. Basi msafiri apandaye gari la moshi la TAZARA kutoka Dar es Salaam kuja Mbeya, akisema kwamba anakwenda kusini, amesema kweli kidogo. Kweli kubwa ni kwamba anakwenda magharibi. Jina letu halikukosewa, maana katika nchi nzima tuko katika nusu ya kusini, lakini Lindi na Mtwara wako kusini zaidi yetu na hawaitwi watu wa nyanda za juu. Na pale Tunduma, mtu akivuka mpaka kuingia Nakonde, ametoka kusini mwa Tanzania akaingia kaskazini mwa Zambia kwa hatua chache, naye huenda akawakuta Wanyamwanga wenzake pande zote mbili, wakiuziana nyanya.

Kwa baba zetu wa Rungwe neno hilo lilikuwa na uzito mwingine pia. Vijana wengi waliandikishwa na lile shirika lililojulikana kwa jina la Wenela, wakapelekwa katika machimbo ya dhahabu ya Johannesburg, mpaka serikali ya Tanganyika ilipokomesha jambo hilo baada ya uhuru wa mwaka 1961. Wako waliorudi na baiskeli na mablanketi, na wako ambao habari zao zilikoma. Katika nyumba za namna hiyo, kusini ni upande wa mtu asiyerudi, na bibi akiutaja hupunguza sauti.

Sasa niseme machache juu ya matumizi. Waandishi wengi siku hizi huandika "kusini mwa" mahali po pote. Kwa maoni yangu ni vema kutofautisha, hasa katika hati. Mwa ni ya ndani. Tukisema "Njombe iko kusini mwa Tanzania", twajua kwamba Njombe i ndani ya Tanzania, katika sehemu yake ya kusini. Lakini Msumbiji haimo ndani, kwa hiyo afadhali tuseme "Msumbiji iko kusini ya Tanzania". Ukiandika "kisima kiko kusini mwa shamba", kisima ni mali ya mwenye shamba. Ukiandika "kisima kiko kusini ya shamba", kisima ni cha mtu mwingine. Herufi mbili zaweza kumpa mtu maji au kumnyima. Wako watakaonibishia katika jambo hili, nami siwakatazi, mradi wao nao wafuate kanuni moja wasiibadili katikati ya ukurasa.

Tena liko neno "wa kusini", nalo lina nyuso mbili. Upepo wa kusini ni upepo utokao kusini, bali basi la kusini ni basi liendalo kusini. Jahazi lililokwenda kwa upepo wa kusi lilielekea kaskazini. Mwalimu akitaka kujaribu akili za watoto, awaulize swali hilo, naye atapata kelele za kutosha.

Kulia na kushoto ni maneno ya namna nyingine kabisa. Kulia ni mkono wa kula, na hugeuka pamoja na mtu: ukigeuka nyuma, kulia kwako kumehama. Kwa hiyo si maneno ya kuandika katika hati ya mpaka bila kusema mtu ameelekea wapi. Lakini ukilitia jua pamoja na mkono, utapata njia njema ya kukumbuka: elekea maawio ya jua, na mkono wako wa kulia utakuwa upande wa kusini. Hivi ndivyo Waarabu wa kale walivyofanya, na hata nchi ya Yemeni yasemekana ilipata jina lake kwa kuwa upande wa mkono wa kuume. Njia hii haina shida kwa mazungumzo ya njiani. Kwa mpaka haitoshi, kwa sababu jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi wa Juni huchomoza upande wa kaskazini wa mashariki ya kweli, na Desemba upande wa kusini wake, na tofauti ya maawio hayo mawili ni kama nyuzi 47, yaani zaidi ya nusu ya pembemraba. Ni karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba tu ndipo lichomozapo mashariki hasa.

Basi wazee wa baraza lile walifanya nini? Walikuwa na simu ya kijana yule, lakini mzee mmoja, aliyepata kuwa mwalimu, hakutaka watu waamini simu ya upande mmoja. Akaomba fimbo iliyonyoka, akaisimika wima mahali pa tambarare katikati ya shamba wakati wa asubuhi, akaifunga kamba, na kwa kamba hiyo akachora duara kuizunguka. Ncha ya vuli ilipougusa mstari wa duara asubuhi, akapiga kigingi. Kisha tukakaa. Jua likapanda, vuli likafupika likaingia ndani ya duara, na baada ya adhuhuri likaanza kurefuka tena. Ncha yake ilipougusa mstari kwa upande wa pili, akapiga kigingi cha pili. Akafunga kamba toka kigingi kimoja hata kingine, akasema, "Kamba hii yatoka magharibi kwenda mashariki. Cha asubuhi ni magharibi, cha jioni ni mashariki." Njia hii haihitaji saa, na ni vizuri, maana saa zetu hufuata mstari ulio mbali sana baharini upande wa mashariki, na hapa Iringa jua hufika kileleni yapata saa sita na dakika 37, na Mbeya karibu saa saba kasoro robo.

Mzee akasimama juu ya kamba, akampa kigingi cha magharibi kisogo, akanyosha mkono wa kulia. Mkono ukaonyesha shamba la jirani. Akanyosha wa kushoto, ukaonyesha mto. Kisha akaniita mbele ya watu wote.

"Karani, wewe ndiwe uliyeandika?"

"Ndimi, baba."

"Ulikuwa umesimama wapi ulipoandika?"

"Nilikuwa nimeketi ndani, mlango umefungwa, kwa ajili ya mvua."

"Na marehemu alikuelekeza vipi?"

"Alisema kusini ni chini, kwenye mto."

Mzee akawageukia vijana, akawauliza kwao Rungwe mito yaenda upande gani. Yule mwenye simu akafikiri, kisha akacheka kidogo, akaifunga simu yake na kuitia mfukoni. Akasema, "Baba alikuwa akisema habari za nyumbani."

Wakaenda kuutazama mpaka wa juu, wakaukuta mstari wa miti ya mivengi ambayo muuzaji aliipanda siku ile ya mauziano, nayo imekwisha kuwa mirefu. Mashahidi wawili waliobaki wakasema ndio mpaka. Hati mpya ikaandikwa jioni ile ile, nje, juu ya meza iliyowekwa karibu na kile kigingi cha magharibi. Katika mstari wa kaskazini niliandika "mto", na katika mstari wa kusini nikaandika jina la jirani, na mbele yake nikaongeza maneno haya, ambayo sikuombwa na mtu: "upande wa juu, kwenye mivengi." Jirani akatia dole gumba, akaenda kuyatazama mahindi yake.